Nilikilaumu Kisu

Kamba ilikuwa imekazwa kwenye boksi, mafundo mawili, la pili limefungwa juu ya la kwanza. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa kisu changu cha kukunja, nikaingiza ukucha wa gumba kwenye ule mfereji mdogo uliochongwa ubavuni mwa bapa, nikavuta.

Ukucha ukateleza.

Nikafuta kidole kwenye nguo, nikajaribu tena. Bapa likainuka kidogo, upana wa uzi, kisha springi ikalirudisha ndani kwa mlio ule ule ninaoujua miaka 22 sasa. Mara ya tatu nikahisi kitu chini kabisa ya gumba, pale linapokutana na kifundo cha mkono: maumivu mafupi ya ndani kwa ndani, kama jino bovu linapopitiwa na maji baridi.

Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. "Mama, lete nikufungulie." Akakichukua, akakifungua huku macho yake yako kwingine, akanirudishia ametanguliza mpini, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Nikakata kamba. Nikasema, "Kimeshika kutu hiki."

Hakikuwa na kutu.

Wiki tatu za mafuta

Jioni ile ile nilitandika gazeti mezani, nikakiweka kisu juu yake kama mgonjwa. Kisu kinachokaa mfukoni hujaa vumbi na nyuzi za nguo kwenye bawaba. Zikichanganyika na jasho huwa kama gundi. Nikazichokonoa kwa kijiti, nikasugua kwa mswaki mkuukuu, nikakausha, nikadondosha tone moja la mafuta ya mashine, kisha nikalipeleka bapa mbele na nyuma mpaka mafuta yakaingia. Ni kazi inayostahili kufanywa na kila mwenye kisu, na kisu kikalainika kweli.

Kwa siku mbili.

Siku ya tatu ukucha ukateleza tena, nikaongeza tone. Wiki iliyofuata nikaongeza jingine. Mfuko wa koti langu ukaanza kuwa na doa jeusi lisilotoka, nami nikaendelea kuamini kwamba shida ni ya chuma na dawa yake ni mafuta.

Vitu vingine navyo vikaanza kunisumbua, na kila kimoja nilikitafutia kosa lake. Bisibisi ndogo ilizunguka ndani ya ngumi yangu badala ya kuizungusha skrubu. Nikasema skrubu imekaza. Pete ya funguo, ile ya waya uliojikunja mara mbili, ilinishinda kuipanua; nikasema ni mpya, bado ngumu. Kiberiti cha gesi chenye kizuizi cha kuwalinda watoto kilinidai magumba mawili, nikasema kimeharibika. Kikata kucha kikawa hakifiki mwisho. Koleo la mfukoni liliniponyoka likaanguka sakafuni, nikainama kuliokota haraka kabla mtu hajauliza.

Usiku mmoja nilivipanga kichwani nikavihesabu. Vitu sita vya umri tofauti, na vyote vilikuwa vikiharibika mkononi mwangu tu. Mikononi mwa wengine vilikuwa vizima.

Usingizi haukuja.

Niseme wazi kilichoniogopesha. Mimi ndiye ambaye wenzangu humletea kitu kilichokwama. Kufuli lililogoma, zipu iliyouma kitambaa, skrubu iliyolika kichwa: huletwa kwangu, na mimi hutia mkono mfukoni. Kama mkono huo unaondoka, sikujua anayebaki ni nani.

Kidonda

Nilikuwa peke yangu siku nilipojikata.

Nilikuwa nimeacha kutumia ukucha, kwa sababu ukucha ulishaniangusha. Nikabuni njia yangu: kubana pande mbili za bapa kwa gumba na kidole cha shahada, kisha kulivuta kwa ghafla. Kwa kuwa mkono wa kushoto nao nilihofia utaachia, niliuzungusha mpini kwa vidole vyote, nikaukumbatia.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, na nataka nipaeleze vizuri kwa ajili ya yeyote anayefanya kama mimi. Kisu cha springi kisicho na kufuli hulivuta bapa kurudi ndani mpaka lipite karibu nusu ya safari yake; likishapita hapo ndipo springi hugeuka upande wako na kulisukuma lifunguke. Vidole vyangu vya kushoto, kwa kule kukumbatia, vilikuwa vimevuka mdomo wa ule mwanya ambamo bapa hulala. Bapa likafika theluthi ya njia. Gumba likaachia. Springi ikafanya kazi yake.

Kidole cha pete kilikatika kwenye nyama ya ncha. Hakikukatika sana, lakini damu ya kidole ni nyingi kuliko kidonda chake.

Nikakiosha, nikakibana kwa kitambaa mpaka damu ikakata, nikabandika plasta. Binti yangu aliporudi akauliza kimekuwaje. Nikamwambia nimekatwa na kioo.

Kidonda kilifunga ndani ya siku chache. Lile neno "kioo" ndilo lililonikaa wiki nzima. Nimemlea mtoto huyu nikimwambia kwamba mtu anayeficha jeraha la kisu atajikata tena, kwa kuwa hakuna atakayemwonyesha alipokosea. Na sasa nilikuwa nadanganya kuhusu kisu kile kile, mezani pale pale.

Nikaenda kupimwa.

Kilo kumi na tisa

Mtaalamu wa fiziotherapia aliniketisha wima, akanikunjisha kiwiko kama pembe ya meza, akanipa dainamomita: kifaa cha chuma chenye mshikio na uso kama wa saa unaosoma kilo. "Mama, bana kadiri unavyoweza. Usizuie pumzi."

Mara tatu kila mkono. Kulia nikapata 19, 20, 18. Kushoto 24, 23, 24.

Mimi natumia mkono wa kulia. Kwa kawaida mkono unaotumika zaidi humzidi mwenzake nguvu kwa kiasi kidogo, kwa hiyo tarakimu zile zilikuwa zimesimama kichwa chini. Akanipa kifaa kingine, kidogo, akaniambia nikibane kama ninavyoshika ufunguo ninapoutia mlangoni. Kilo 3, na yale maumivu ya jino bovu yakarudi palepale.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeshajitisha kwa kusoma usiku. Nilikuwa nimekutana na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, uliofuatilia watu karibu 140,000 katika nchi 17: kila kilo 5 zilizopungua kwenye mshiko ziliambatana na ongezeko la asilimia 16 la vifo vya sababu zote. Nilizima simu nikiwa nimeuweka mkono wangu wa kulia kifuani kama kitu cha mtu mwingine.

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akasema mshiko katika tafiti hizo ni kioo cha mwili mzima: misuli, lishe, maradhi ya muda mrefu. Unapodhoofika mikono yote miwili, pamoja na miguu na mwendo, wao huangalia mwili mzima. Akanitajia kipimo wanachotumia wataalamu wa Ulaya tangu mwongozo wao mpya wa mwaka 2019: mwanamke akibana chini ya kilo 16, au mwanaume chini ya kilo 27, huanza kushuku upungufu wa misuli unaoletwa na umri. Mimi nilikuwa juu ya mstari huo, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzima.

"Wewe tatizo lako lina anwani," akasema, akakibonyeza kiungo cha chini ya gumba, akakizungusha taratibu. Nikaruka kitini.

Aliniuliza pia maswali ambayo naona kila mtu mwenye mshiko unaolegea anapaswa kuulizwa. Je, usiku unaamshwa na ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati? Hapo mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Je, kuna kidole kinachonasa kikikunjwa, kisha kinaachia kwa mlio? Shingo inauma, na maumivu yanashuka mkononi? Na udhaifu ulikuja polepole au ghafla? Mkono mmoja ukilegea kwa ghafla, uso ukapinda au maneno yakavurugika, hiyo ni dalili ya kiharusi, na mtu anakimbizwa hospitali saa ile ile bila kusubiri miadi.

Wangu ulikuja polepole. Picha ya eksirei ikaonyesha gegedu la kiungo cha chini ya gumba, ile tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane, limelika.

Gumba hulipa mara kumi na mbili

Kiungo kile kina umbo la matandiko mawili ya farasi yaliyopandana, moja limegeuzwa juu ya jingine. Ndilo linalolipatia gumba uhuru wake wote: kwenda mbele, kando, na kukutana na kila kidole. Ndilo pia linalobeba gharama.

Mwaka 1977 watafiti wawili, Cooney na Chao, walikokotoa mzigo unaopita kwenye viungo vya gumba mtu anapobana kitu. Ukibana kwa kilo 1 kwenye ncha, kiungo cha chini hubeba kama kilo 12.

Mara kumi na mbili.

Nilipotajiwa hesabu hiyo nilikaa kimya. Nilifikiria springi ya kisu changu, na miaka 22 ya kuvuta bapa kwa ncha ya ukucha, mara ngapi kwa siku, na kila mara kule chini mzigo ukizidishwa bila mimi kuuona. Sidai kwamba kisu ndicho kilichonila gegedu. Umri una sehemu yake, na wanawake waliopita umri wa kukoma hedhi hupatwa na jambo hili kuliko wanaume. Lakini nilielewa kwa nini kisu ndicho kilichokuwa cha kwanza kunishinda, kabla ya ndoo, kabla ya nyundo.

Ndoo naishika kwa ngumi. Kisu nakifungua kwa ncha.

Tofauti hii ina historia. Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Napier aliandika makala akaigawa mishiko ya mkono wa binadamu katika makundi mawili. Upo mshiko wa nguvu, ambapo vidole hukizunguka kitu na kukikandamiza kwenye kiganja. Upo mshiko wa ustadi, ambapo kitu hushikwa kati ya gumba na ncha za vidole. Nyundo huomba wa kwanza, sindano huomba wa pili.

Sasa uangalie tena ule mfereji wa ukucha. Unaomba mshiko wa ustadi ufanye kazi ya mshiko wa nguvu. Umekuwapo kwenye visu vya kukunja tangu zamani, ukaenea dunia nzima pamoja na visu vya maofisa wa jeshi ambavyo Karl Elsener wa Uswisi alivisajili mwaka 1897, na bado uko kwenye mamilioni ya mifuko leo. Ni suluhisho zuri sana kwa kidole kizima: halichukui nafasi, halikwami kwenye nguo. Ila lilibuniwa kwa gumba lenye gegedu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tunasema, na husemwa kuhusu watu. Siku hizi nikiusikia msemo huo nayaona magumba mawili yanakutana ncha kwa ncha, na nakijua kiungo kinacholipia.

Kitu hiki kilinituliza kuliko dawa. Nilikuwa nimejiona mtu anayeishiwa nguvu. Kumbe nilikuwa mtu mwenye mshiko mmoja ulioumia, na mishiko mingine iko mzima, imekaa bila kazi kwa sababu sikuwahi kuihitaji.

Kuhamisha mzigo

Jaribu hili ukiwa umekaa hapo ulipo. Kunja kifundo cha mkono kwa ndani, kiganja kielekee kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kifundo na kiwiko, kisha jaribu kukunja ngumi kwa nguvu. Haikazi. Sasa kiinue kifundo kidogo kuelekea nyuma ya mkono, ukunje ngumi tena. Ile nguvu imerudi. Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko kwenye vidole. Iko kwenye kigasha, na huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo. Kifundo kikikunjwa ndani, misuli imeshafupika na kano zimelegea kabla hata hujaanza kushika.

Nilikuwa nafanya kazi zangu zote za mfukoni na kifundo kimekunjwa, nimeinamia kitu karibu na kifua. Kunyanyua kitu mpaka usawa wa tumbo na kukinyoosha kifundo kulinirudishia sehemu ya mshiko siku ile ile, bila zoezi lolote.

Kisha nikaanza na bisibisi. Nilikata utepe wa mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, nikauzungushia mpini, nikiuvuta ukakaza kila mzunguko, mpaka mpini uliokuwa mwembamba kama kalamu ukanenepa na kufikia kiasi cha milimita 35. Mpini mnene hufanya mambo mawili: unaijaza ngumi ili vidole visijikunje mpaka mwisho pale vinapokosa nguvu, na unaongeza umbali kutoka katikati ya mzunguko, kwa hiyo nguvu ile ile inazungusha zaidi. Mpira nao hautelezi, na kitu kisichoteleza hakihitaji kubanwa kwa hofu. Sikuwahi kufikiri ni kiasi gani cha nguvu zangu kilikuwa kinaishia kwenye kuzuia kuteleza tu.

Nilipoanza kuuliza nilikuta wengine walishaipita njia hii. Mwaka 1990 kule Marekani kampuni ya OXO ilitoa vifaa vya jikoni vyenye mipini minene ya mpira laini. Mwanzilishi wake, Sam Farber, alilifuata wazo hilo baada ya kumwona mkewe Betsey, mwenye baridi yabisi, akihangaika na kifaa cha kumenyea. Vilinunuliwa na watu wasio na maumivu yoyote. Nalielewa hilo: siku hizi bisibisi yangu yenye mpira huwa siikuti drooni, kwa sababu binti yangu anaipenda kuliko nyingine zote.

Ufunguo wa kufuli gumu niliuongezea wenzo, kipande bapa cha mbao chenye mfereji unaoshika kichwa cha ufunguo, ili niugeuze kwa kiganja. Pete ya waya niliitoa nikaweka kulabu ya springi inayofunguka kwa kusukumwa na ubavu wa kidole. Asubuhi za baridi huanza kwa kuitia mikono kwenye maji ya uvuguvugu kabla ya kugusa chuma chochote.

Na makali. Nilikuwa nimekiacha kisu kikawa butu kidogo, kwa sababu kunoa nako kulikuwa kunaniuma, na nilidhani kisu butu ni salama zaidi kwa mkono usio imara. Ni kinyume kabisa. Kisu butu hudai msukumo, msukumo hudai mshiko, na mshiko ukiisha katikati ya kamba mkono unakwenda mahali ambapo hukuupeleka. Sasa kinoo nimekifunga kwenye ubao usiohama mezani, kisu nakishika kwa mikono miwili, napitisha taratibu, mara chache lakini kila wiki. Hakuna badiliko lingine lililonipunguzia kubana kuliko hilo.

Shaka kuhusu kisu kipya

Kila mtu niliyemweleza alisema: nunua kingine. Jirani akaniazima cha kwake, chenye tundu la duara kwenye bapa. Kampuni ya Spyderco ya Marekani ilianza kutengeneza visu vyenye tundu hilo mwaka 1981: unaweka nyama ya gumba tunduni, unasukuma, bapa linazunguka lenyewe. Halihitaji ukucha wala kubana. Nilikifungua mara ya kwanza nikahisi koo limekaza. Nilikuwa nimesahau kwamba jambo hili lilikuwa rahisi.

Ikabidi nikifunge.

Kile kilikuwa na kufuli la aina ya ulimi: utepe wa chuma ndani ya mpini unaojichomeka nyuma ya bapa. Ili kufunga, gumba lazima liusukume utepe ule kando, wakati huo huo kidole kingine kikilikunja bapa. Gumba langu lilisukuma, likatetemeka, na bapa lilikuwa linashuka kuelekea kwenye gumba lenyewe. Nikasimama hapo hapo, nikaliegemeza bapa mezani.

Urahisi wa kufungua ulikuwa umeuhamishia ugumu kwenye kufunga, na kufunga ndiko kunakokata. Zipo aina nyingine za kufuli. Pete inayozungushwa shingoni mwa mpini, ambayo Opinel ya Ufaransa iliiweka kwenye visu vyake mwaka 1955, huzungushwa kwa ubavu wa kidole na inanifaa zaidi, ingawa kufungua bapa lenyewe bado kunarudi kwenye ukucha. Ushauri wangu kwa anayekwenda kuchagua ni mmoja: pima kwanza ugumu wa kukifunga, ndipo upime wa kukifungua, mara kumi mfululizo, na ufanye hivyo jioni mkono ukiwa umechoka.

Lipo pia jambo la sheria, ambalo bado linaniuma. Visu vilivyo rahisi kwa mkono dhaifu ndivyo vinavyotiliwa shaka. Uingereza, kisu cha kukunja kinachoweza kubebwa hadharani bila kutoa sababu ni kile kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Chenye kufuli kinahitaji sababu nzuri. Ujerumani tangu mwaka 2008 inazuia kubeba bila sababu visu ambavyo bapa lake linaweza kufunguliwa na kukazwa kwa kufuli kwa mkono mmoja. Naelewa wanaolindwa na sheria hizo, na nisingependa ziondolewe. Lakini waliokaa kuziandika walikuwa wanafikiria kisu kwenye mkono wenye hasira. Mkono ulioumia haukuwa mezani pale.

Nilimrudishia jirani kisu chake, kwa shukrani.

Nikampelekea fundi kile changu. Nilimchorea kwa kalamu juu ya mpini: hapa, pande zote mbili, kata nusu duara, ili bapa lionekane upana wa kidole na niweze kulishika kwa ubavu wa kidole cha shahada kilichokunjwa. Si wazo langu. Visu vyenye mkato huo vipo siku nyingi, na huwafaa wenye glavu au kucha fupi. Fundi akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana mpini ukishakatwa haurudi.

Nilisita. Nilisimama nimekishika kisu kile, najua kila mkwaruzo wake, na nikahisi kwamba nikikikata nitakuwa nimekiri. Miaka 22 kilikuwa kimekaa vile vile, na mimi nilikuwa nikijipima kwacho.

"Kata," nikasema.

Mpira wa kubana

Watu wengi huniuliza kwa nini nisifanye mazoezi tu. Nafanya. Lakini lile la kubana mpira kwa nguvu, ambalo kila mtu hulijua na ambalo nami nilikuwa nimelianza kwa siri, niliambiwa niliache: linaukaza ule mzigo wa mara kumi na mbili juu ya kiungo kilicholika. Nilichopewa ni kidogo na cha kuchosha subira. Kulikunja gumba na kidole cha shahada viwe kama herufi C, bila ncha ya gumba kuzama ndani, na kuvishikilia hivyo. Kukisukuma kidole cha shahada kando dhidi ya upinzani mdogo, ili misuli iliyo kati yake na gumba ikitulize kiungo. Mkanda wa kulishikilia gumba siku za kazi nyingi.

Misuli hujibu mazoezi hata uzeeni, hilo halina ubishi. Gegedu halijibu hivyo. Sijui mkono wa kulia utasoma kilo ngapi mwakani, na siku nyingine hofu ile ya usiku hurudi. Siku mbaya zipo. Jana kikata kucha kilinishinda nikakiacha.

Mezani tena

Kisu kilirudi kutoka kwa fundi kimefungwa kwenye karatasi. Nilikiweka mezani binti yangu akiwapo, nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimekibeba muda wote huo.

"Kile kidole. Sikukatwa na kioo."

"Najua, Mama," akasema. "Plasta yako ilikuwa inanuka mafuta ya mashine."

Alikuwa ameliona na doa la koti. Alikuwa ameliona koleo likianguka. Alinyamaza kwa sababu mimi nilinyamaza, akidhani ndivyo ninavyotaka.

Nikamweleza basi. Kiungo, kilo 3, mara kumi na mbili, springi inayovuta mpaka nusu ya njia. Alikichukua kisu, akapitisha kidole kwenye mkato mpya, akauliza, "Sasa unashikaje?"

Nikaukandamiza mgongo wa mpini mezani kwa kiganja cha kushoto, vidole nimevinyoosha, hakuna hata kimoja kilichovuka mwanya. Nikalishika bapa kwa ubavu wa kidole, nikanyoosha kifundo, nikavuta kwa mkono mzima kutoka begani. Likafunguka.

"Nionyeshe tena vile vidole vya kushoto," akasema, akavuta kiti.